Furaha ya Nyumbani na Nia ya Mtendaji

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, aliyetujaalia majumba yetu kuwa mahali pa utulivu, na akatia baina ya mume na mke mapenzi na huruma. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka siku ya malipo.

Amma baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni nyinyi na naiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu Waislamu, mliohudhuria hapa msikitini, nanyi mnaotusikiliza majumbani: leo napenda tuzungumze juu ya furaha. Huenda yuko atakayeona kuwa neno hili si la mimbari, kwamba mimbari ni mahali pa kukumbushana mauti na kaburi na hisabu. Mtu huyo na aifungue Qur'ani, Surat Yunus, aya ya 58. Ataona Mwenyezi Mungu anawaamrisha waja wake wafurahi, na anawaonyesha la kufurahia, nalo ni fadhila yake na rehema yake, na anawajulisha kuwa hayo ni bora kuliko yote wayakusanyayo. Kisha na aifungue Surat al-Qasas, aya ya 76. Huko atawakuta watu wa Qarun wakimkataza Qarun asifurahi. Huku ni amri na huku ni katazo, na maneno yote mawili katika Kiarabu yametoka katika asili moja.

Basi furaha ni mbili. Qarun alipewa hazina ambazo funguo zake peke yake ziliwaelemea watu wenye nguvu, naye akafurahia alichokikusanya. Furaha ya namna hii huwa na hofu ndani yake, kwa kuwa kilichokusanywa chaweza kupungua, na jirani aweza kukusanya zaidi. Ile ya pili haihitaji ghala. Hiyo ndiyo ninayotaka tuitafute leo, na tuitafute mahali ambapo watu wengi hawaitafuti: jikoni, mlangoni, dukani, na katika kazi ile ile iliyofanywa jana na itakayofanywa kesho. Na mlango wake, ndugu zangu, ni nia.

Nia sote twaijua. Sisi watu wa mwambao, ambao wengi wetu ni wafuasi wa madhhebu ya Imam Shafi, twaijua zaidi katika mwezi wa Ramadhani, kwani katika madhhebu yetu saumu ya faradhi haisihi ila itiliwe nia usiku, na kila siku ina nia yake. Ndiyo maana misikitini, baada ya tarawehe, utamsikia imamu akitamka na maamuma wakimfuatisha. Na majumbani utamsikia mama akimwuliza mtoto aliyeanza kufunga juzi: Je, umetia nia? Siku 29 au 30 twafanya hivi. Kisha mwezi huandama, nasi nia twaikunja pamoja na msala, twaiweka kabatini mpaka mwaka ujao.

Wala nia haikuwekwa kwa ajili ya saumu na Sala tu. Hadithi ambayo Imam Bukhari aliitanguliza mbele ya hadithi zote za kitabu chake, na ambayo Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), aliifanya ya kwanza katika Arubaini zake, ni hadithi iliyopokewa na Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), inayotufunza kuwa matendo huzingatiwa kwa nia, na kwamba kila mtu atalipwa alichokinuia. Mfano uliotolewa ndani yake ni wa hijra. Wafikirini watu wawili wanaotoka Makka kwenda Madina. Njia yao moja, jua lao moja, kiu yao moja. Mmoja anamwendea Mwenyezi Mungu na Mtume wake, na wa pili anaiendea dunia aipate, au mwanamke amwoe. Nyayo zao mchangani hazina tofauti, lakini hawakusafiri safari moja.

Kwa ajili hii wanavyuoni wamesema kuwa nia huigeuza ada ikawa ibada. Ada ni lile jambo ulitendalo kwa mazoea: kula, kulala, kufagia, kupika, kwenda kazini. Muadh bin Jabal na Abu Musa al-Ash'ari (R.A.), walipokuwa Yemen kwa kutumwa na Bwana Mtume (S.A.W.), waliulizana jinsi kila mmoja anavyosoma Qur'ani. Muadh akaeleza kuwa yeye hulala sehemu ya usiku, kisha huamka akasoma, na kwamba hutaraji thawabu katika kulala kwake kama anavyozitaraji katika kusimama kwake. Usingizi, ndugu zangu! Jambo ambalo mtu halitendi kwa mkono wala kwa ulimi, na sahaba huyu akalitia katika hesabu ya ibada zake, kwa kuwa alilala ili apate nguvu za kusimama.

Na Saad bin Abi Waqqas (R.A.) aliugua Makka mwaka wa hija ya kuaga, akadhani atakufa. Alikuwa na mali nyingi, na mrithi wake alikuwa binti mmoja tu. Bwana Mtume (S.A.W.) alipokwenda kumzuru, Saad akamtaka ruhusa ausie theluthi mbili za mali yake zitolewe sadaka. Akakataliwa. Akataka nusu, akakataliwa. Akaruhusiwa theluthi moja, na hiyo nayo akaambiwa kuwa ni nyingi, kwani kuwaacha warithi wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu. Kisha akajulishwa kwamba hatatoa chochote kwa kutaka radhi za Mwenyezi Mungu ila atalipwa kwacho, hata tonge anayoitia kinywani mwa mkewe. Saad akapona, akaishi miaka mingi, naye ndiye aliyeliongoza jeshi la Waislamu huko Qadisiyya. Mtu mwenye vita kama hivyo katika daftari lake ametajiwa tonge moja ya nyumbani, tena katika jambo ambalo mume na mke hulitenda kwa mapenzi, wakicheka, bila ya kufikiri kuwa lina uzito wowote.

Labda mtasema: Hayo ni thawabu, nazo tutazikuta akhera. Na furaha ya leo iko wapi?

Mama mmoja mtu mzima alipata kuniuliza baada ya darsa ya alasiri. Alisema: Sheikh, mimi nimepika miaka 35. Watoto wamekua, wamekwenda zao. Nikitazama nyuma siyaoni ila masufuria. Umri wangu umekwenda wapi? Hakulia, wala hakumlaumu mtu. Aliuliza kama mtu aulizaye njia.

Swali hili si dogo, wala si la mama huyo peke yake. Kazi za nyumbani zina tabia ya kujifuta. Mchele umepepetwa na kuchaguliwa mawe, nazi imekunwa, tui limekamuliwa, mchuzi umeungwa. Kazi ya saa tatu, na sahani zimekwisha kwa robo saa. Sakafu hupigwa deki asubuhi, na kabla ya adhuhuri ina nyayo. Hakuna shahada itolewayo mwisho wa mwaka, hakuna mshahara, wala hakuna akumbukaye chakula cha Jumanne iliyopita, ila ikiwa kiliungua. Na wenye swali hili wako nje ya jiko pia. Ni swali la baba afunguaye duka kabla ya jua kuchomoza na kulifunga usiku. Ni swali la kijana wetu aliyekwenda Ghuba kufanya kazi, ambaye kila mwezi hutuma fedha nyumbani, na jibu alipatalo ni kuwa hazikutosha. Mtu aweza kuzitimiza faradhi zake zote za nyumbani, akawa hana kosa mbele ya kadhi wala mbele ya wazee, na moyoni mwake pakawa pakavu.

Mwenyezi Mungu ametuwekea kielelezo katika nyumba iliyo bora kuliko nyumba zetu. Bibi Fatma (R.A.), binti wa Mtume wetu, alikuwa akisaga nafaka kwa jiwe mpaka mikono yake ikaumia. Akasikia kuwa baba yake ameletewa mateka, akaenda kumwomba mtumishi wa kumsaidia. Hakumkuta, akamweleza Bibi Aisha (R.A.) haja yake, akarudi. Bwana Mtume (S.A.W.) alipopewa habari aliwaendea usiku, binti yake na Sayyidna Ali (R.A.), nao wamekwisha kulala. Wakataka kuinuka, akawataka wabaki pale pale, akaketi baina yao, hata Sayyidna Ali akahisi baridi ya miguu yake kifuani mwake. Kisha akawafunza la bora kuliko mtumishi waliyemtaka: walalapo, wamsabihi Mwenyezi Mungu mara 33, wamhimidi mara 33, na wamtukuze mara 34. Sayyidna Ali alisimulia baadaye kuwa hakuliacha jambo hilo tangu siku ile. Akaulizwa: Hata usiku wa Siffin? Akajibu kuwa hata usiku huo, nao ulikuwa usiku wa vita vikubwa, mwaka 37 Hijria (657).

Zingatieni mambo yaliyomo. Kwanza, Bibi Fatma alichoka, akasema amechoka, na hakulaumiwa. Wala hakuambiwa kuwa imani yake ina upungufu. Baba yake hakungoja kukuche. Aliondoka usiku ule ule akamwendea mpaka kitandani pake. Aliyechoka nyumbani kwake hutaka kwanza mtu wa kumjia na kuketi karibu naye, kabla ya dawa yoyote. Na kisha, asubuhi ya pili, jiwe la kusagia lilikuwa pale pale, uzito wake ule ule, na nafaka ilingojea. Kilichobadilika ni kuwa mkono unaosaga sasa ulikuwa na mwenziwe. Siku yake ilikwisha kwa kumtaja Mola wake, na mwenye kulala juu ya dhikri huamka akiwa anajua anamfanyia nani kazi.

Hapa nawaonya wanaume wenzangu, kwa sababu najua wako watakaoichukua hadithi hii nyumbani na kuigeuza fimbo. Mtu ataketi kitini, miguu ameinyoosha, amwambie mkewe: Umesikia? Sabihi, usiombe msaada. Huyo ameichukua nusu ya sunna na kuiacha nusu. Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Bwana Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani. Akajibu kuwa alikuwa katika kazi za watu wake, na wakati wa Sala ulipofika alitoka akaenda kusali. Na imepokewa kwamba alikuwa akishona viatu vyake na kutia viraka nguo zake mwenyewe. Mwenye kufunza tasbihi ni yule yule aliyekuwa akishika sindano. Anayetaka kufunza la kwanza na aanze na la pili.

Yule mama nilimjibu hivi. Wanavyuoni wamekubaliana kwamba mahali pa nia ni moyoni. Kuitamka kwa ulimi ni kwa kuusaidia moyo. Uliamka usiku kumpikia mtoto mgonjwa uji, na hukusema neno lolote. Lakini nini kilichokuamsha? Uliwatengea wageni chakula kilichokuwa fungu lako, ukala ukoko; nini kilichokufanyisha? Ikiwa ni huruma aliyoitia Mwenyezi Mungu ndani yako, na kumcha yeye, basi nia ilikuwapo, ijapokuwa wewe hukuijua kwa jina lake. Mwenye kuhesabu hakuhesabu masufuria. Na siku zilizobaki, zitende ukiwa macho. Akacheka, akasema: Basi leo napika pilau kwa macho mawili. Sikuongeza neno, kwani alikuwa amefahamu kuliko nilivyoeleza.

Hapo ndipo furaha inapopatikana, nami nataka nilieleze jambo hili vizuri kwa ajili ya vijana wetu wanafunzi wanaosikiliza. Katika Surat al-Insan, aya ya 8 na ya 9, wametajwa waja wema wanaowalisha maskini na yatima na mateka chakula, hali ya kuwa wao wenyewe wanakipenda. Nao nia yao ni radhi za Mwenyezi Mungu tu, hawataki kwa waliolishwa malipo wala shukrani. Fikirini mtu huyo amepata raha gani. Anayetenda kwa kungojea shukrani amejifanya mdai, na mdai hana usingizi. Kutwa huhesabu: nimempikia, hakusema ahsante, nimemtumia fedha, hakupiga simu, nimekwenda msibani kwake, yeye hakuja kwangu. Daftari lake limejaa, na wadaiwa wake hata hawajui kuwa wanadaiwa. Ama yule aliyetenda kwa ajili ya Mola wake amekwisha kulipwa tangu alipoanza. Mtu akimshukuru, ni nyongeza. Asipomshukuru, hakuna kilichopungua. Wazee wetu walisema nia njema ni tabibu, na nadhani walikuwa wakitazama maradhi haya ya kuhesabu.

Na adui wa furaha hii ni riya, yaani kutenda ili watu waone. Tazameni baadhi ya harusi zetu. Fedha zimekopwa, mama wa bwana arusi hana raha kwa wiki tatu, na siku yenyewe ikifika haioni harusi ya mwanawe. Anaangalia nyuso za wageni kujua watasema nini. Hiyo ni furaha iliyowekwa rehani kwa vinywa vya watu.

Lakini sikilizeni upande wa pili, msije mkaondoka na nusu. Mtendaji ameamrishwa asingojee shukrani, na mtendewa ameamrishwa ashukuru. Bwana Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Na Abu Huraira (R.A.) ameeleza kuwa Bwana Mtume hakukitia chakula aibu hata mara moja; akikipenda alikila, asipokipenda alikiacha. Yuko bwana ambaye hula siku 29 za mwezi bila ya neno, na siku ya 30 chumvi ikizidi, hapo ndipo ulimi wake hufunguka. Na sasa umezuka mtihani mwingine: watu watano wamezunguka sinia moja, na kila mmoja ana simu mkononi, anacheka na mtu aliye mbali, na aliyepika ameketi katikati yao kama mgeni. Nyumba ya namna hiyo haikukosa riziki. Imekosa watu, ijapokuwa wamo ndani.

Wala mtu asidhani kwamba furaha tunayoitaja ni kucheka tu kila wakati. Bwana Mtume (S.A.W.) alifiwa na mwanawe Ibrahim, machozi yakamtoka mbele ya masahaba, akawafahamisha kuwa ni rehema, jicho hulia na moyo huhuzunika, na ulimi hausemi ila linalomridhi Mola. Mwenye msiba nyumbani kwake leo, au mgonjwa, au deni, asione kuwa maneno haya si yake. Kumwuguza mgonjwa ni katika matendo yanayopokea nia upesi zaidi.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwa ajili yangu na yenu na ya Waislamu wote. Mwombeni maghufira, hakika yeye ni Mwenye kughufiria, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba wake. Mcheni Mwenyezi Mungu, enyi waja wake.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), aliweka katika Ihya yake kitabu kizima juu ya nia na ikhlasi na ukweli. Humo ameeleza kuwa tendo moja laweza kukusanya nia nyingi, akatoa mfano wa mtu anayeketi msikitini: amekuja kuizuru nyumba ya Mola wake, anangojea Sala, anavizuia viungo vyake na maasi, anapata faragha ya dhikri, na huenda akamfaa ndugu kwa elimu. Kikao kimoja, na thawabu zake zinafuatana. Sisi na tumtazame mtu aendaye sokoni asubuhi na kapu lake. Anakwenda kuwalisha watu wa nyumbani kwake, anampa muuzaji riziki ya halali bila ya kumpunja, anawatolea salamu awajuao na asiowajua, na akiona mwiba au kipande cha chupa njiani anakiondoa, na kuondoa udhia njiani ni tawi katika matawi ya imani. Arudipo, kapu lake lina samaki na ndimu kama la mwenziwe. Lakini yeye amekwenda sokoni akiwa na shughuli nne, na mwenziwe amekwenda na moja, tena akinung'unika.

Jirani asisahauliwe. Abu Dharr (R.A.) aliusiwa na Bwana Mtume (S.A.W.) kwamba akipika mchuzi azidishe maji yake awaangalie majirani. Maji tu, ndugu zangu! Hakuambiwa azidishe nyama. Na wanawake wa Kiislamu wameusiwa wasikidharau kitu cha kumpelekea jirani, hata ikiwa ni kwato ya mbuzi. Zamani bakuli lilikuwa likivuka uchochoro na kurudi na kitu kingine ndani yake, kwani kulirudisha tupu kulikuwa aibu. Mahali pengi desturi hiyo imepungua, na watu wakalalamika kuwa dunia imekuwa na upweke.

Kijana anayesoma, asome kwa nia ya kuondoa ujinga wake na kuwafaa watu, na mtihani utakuwa ndani ya nia hiyo. Dereva wa basi akinuia kuwafikisha abiria salama kwa watoto wao, hataona tabu kupunguza mwendo. Mwenye mtumishi wa nyumbani, na akumbuke kuwa Anas bin Malik (R.A.) alimtumikia Bwana Mtume (S.A.W.) miaka kumi, naye akashuhudia kuwa hakupata kuguniwa hata mara moja. Mabinti wanaotumika katika nyumba zetu wana mama zao vijijini, nao pia hutaka kufurahi.

Kuna namna mbili za kuikosea nia, nazo nitazitaja kwa ufupi. Wako wanaodhani kuwa nia njema huihalalisha haramu, kama yule anayepokea rushwa akasema anawasomesha watoto. Nia haimsafishi mtu huyo. Haramu ni haramu hata ikinunua misahafu. Na wako, kwa upande wa pili, wanaodhani kuwa ibada iko msikitini tu, na nyumbani ni mahali pa kupitia. Salman al-Farsi (R.A.) alimzuru Abu Dardaa (R.A.), ambaye Bwana Mtume alimwunga naye undugu. Akamkuta mkewe, Ummu Dardaa, amevaa nguo chakavu asizozijali. Akamwuliza ana nini. Akajibu kuwa ndugu yako Abu Dardaa hana haja na dunia. Jibu la adabu, na ndani yake kuna kilio. Salman akakataa kula mpaka mwenyeji wake, aliyekuwa amefunga sunna, ale pamoja naye; na usiku akamzuia kusimama mpaka mwisho wa usiku, ndipo wakasali wote wawili. Akamwambia kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipofika kwa Bwana Mtume (S.A.W.) akamsadikisha Salman. Angalieni kuwa aliyeigundua huzuni ya nyumba ile ni mgeni, aliyetazama nguo za mama mwenye nyumba akauliza swali moja.

Na haki ya watu wa nyumbani inaingia hata katika mchezo. Bwana Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), akashindwa, na safari nyingine wakashindana tena, akashinda, akamtania kuwa hii ni kwa ile. Na siku ya Idi Wahabeshi walipocheza kwa mikuki yao msikitini, alisimama amemsitiri ili Bibi Aisha atazame, wala hakuondoka mpaka alipotosheka mwenyewe. Ni mzigo mkubwa uliokuwa juu ya mabega yake, mzigo wa umma mzima, na bado alikuwa na wakati wa kusimama kumngojea mkewe amalize kutazama mchezo.

Katika Surat an-Nur, aya ya 61, tumeamrishwa tuingiapo majumbani tutoe salamu, nayo ni maamkio yaliyotoka kwa Mwenyezi Mungu, yenye baraka na uzuri. Baada ya Sala hii mtarudi makwenu. Chakula cha Ijumaa ki tayari, na pengine aliyekipika ameisikiliza khutba hii huku akikoroga chungu. Ingieni kwa salamu yenye sauti, simu ziwe zimefungwa. Nanyi mliomo ndani, mtakaposikia mlango, itikieni kwa uso mkunjufu, hata akiwa amechelewa.

Ewe Mola wetu, tujaalie katika wake zetu na waume zetu na watoto wetu kituliza macho chetu. Wape wepesi wanaowauguza wagonjwa, na walio mbali na watu wao kwa ajili ya riziki uwarudishe kwa salama. Wasamehe wazee wetu waliotulea kwa jasho lao nasi hatukuwahi kuwashukuru, walio hai kati yao na waliotangulia. Ikubali kazi ya mikono iliyochoka leo katika majumba ya Waislamu, na wapumzishe wenye mikono hiyo.

Simamisheni Sala.